Kiporo cha Barafu ya Maziwa

Hapo zamani, wakati barafu ikishushwa mlimani imefunikwa pumba za mpunga, alikuwako Sultani Badrani, mtu mwema kasoro tumbo lake. Alikula barafu ya maziwa asubuhi, mchana na jioni, wali akausahau kabisa. Ikawa akipanda ngazi mbili tu, anahema.

Basi tabibu wake, Rajihi, akamwambia kweli: maziwa yamo na yana faida, lakini sukari na mafuta vimeyazidi, barafu ile ni ya kujifurahisha, si ya kushindia. Sultani akaghadhibika. "Hiki ni chakula kama chakula kingine. Nionyesheni tofauti kwa macho yangu, pasipo kunitajia sukari wala tumbo langu. La sivyo, kesho tabibu ahame mji."

Rajihi alikuwa na dada, Kidawa, mjane asiye na mbele wala nyuma, ambaye watu walimwona punguani. Ndugu hakuwa na mwingine. Kidawa akaenda barazani kwa Sultani.

"Maulana, umesema kweli, ni chakula. Na chakula cha jioni kikibaki, asubuhi huwa kiporo. Niruhusu nikuandalie kiporo chako."

Sultani akafurahi kuungwa mkono, akabakiza bakuli zima.

Asubuhi Kidawa akakipasha moto kama kiporo chochote, akampelekea. Sultani akaona maji meupe ya kunata, hata kikombe hayakujaza, na nzi wawili wanaogelea.

"Hii nini, Bi Kidawa?"

"Kiporo, maulana."

"Mbona kidogo? Jana lilikuwa bakuli zima."

"Nusu ilikuwa upepo uliokorogewa ndani, maulana. Sikuumwaga, umeondoka wenyewe."

Sultani akaonja, akatema. Ndipo Kidawa akafunua kikapu, akatoa kiporo chake mwenyewe, wali na maharage ya nazi. Sultani, kwa njaa aliyokuwa nayo, akala hadi akaramba vidole, kisha akacheka mpaka kilemba kikamlegea.

"Umenipata. Tabibu abaki. Na barafu je, niiache?"

"Hata kidogo, maulana. Kula siku ya sikukuu, baada ya wali, bakuli dogo."

Sultani akaamuru Kidawa apewe mbuzi wa maziwa na mchele wa mwaka mzima. "Na kiporo chako nimekimaliza. Utakula nini sasa?"

Kidawa akainamisha macho. "Barafu ya maziwa, maulana."

Rajihi, aliyekuwa amesimama kando, akamkazia macho. Kidawa akamnong'oneza, "Kaka, mie wali nimeula miaka arobaini. Hiyo sijaionja hata siku moja."