Twiga na Basi la Nyaya

Masikio mmeyaacha mlangoni?
— Tumekuja nayo.
Haya, yategeni.

Kuna jambo moja nimeliulizia mpaka nikachoka: nani alizima umeme asubuhi ile? Wengine husema pepo wa mtoni, wengine husema ni ubovu wa mitambo. Mimi sijui.

Hapo kale, katika mji wa wanyama, Kima walitundika nyaya mbili juu ya barabara, toka mtoni mpaka sokoni. Chini yake likapita basi lenye mikono miwili ya chuma mgongoni. Mikono inashika nyaya, inanyonya umeme, basi linakwenda. Halina moshi, halina kelele. Mchicha wa Bibi Kobe, ambao ulikuwa ukifika sokoni umenyauka, sasa ulifika na umande. Mji mzima ukalipenda basi lile.

Mji mzima, ila Twiga. Nyaya zilipita usawa wa masikio yake, akawa anatembea ameinama kama anayetafuta sindano. Hakusema kitu. Angesemaje, na Bibi Kobe anacheka vile dirishani? Lakini alikuwa na mwana, Tunu, na Tunu alikuwa anarefuka.

Siku moja, kwenye kona ya soko, mikono ya basi ikaruka, ikaachana na nyaya. Basi likakwama. Nyumbu, dereva, akaita:
"Twiga, dada yangu, mikono imeruka."
"Imeruka, nairudisha."
Akauma mwanzi mkavu, usiopitisha umeme, akairudisha. Basi likaenda.

Siku nyingine tena:
"Twiga, dada yangu, mikono imeruka."
"Imeruka, nairudisha."
Basi likaenda.

Mara ya tatu, asubuhi, Twiga alikuwa ng'ambo ya soko. Nyumbu akaita. Akajibu Tunu:
"Imeruka, nairudisha."
Mwanzi hana. Akanyoosha shingo.

Twiga akaona, akakimbia. Bibi Kobe akaona, akafumba macho. Pembe ya Tunu ikagusa waya.

Hata cheche haikuruka.

"Mama," Tunu akasema, "mbona unalia?"

Umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Twiga akamlamba mwanawe uso, masikio na shingo yote, na shingo yenyewe si fupi.

Wanyama wakaketi kikao. Mkubwa wa Kima akasema, "Tulipima urefu wa basi. Twiga hatukumpima."
"Nami sikusema," akajibu Twiga. "Nilimwonea haya Bibi Kobe."
"Mimi tena?" akasema Bibi Kobe. "Nitachelewa sokoni, basi. Kuchelewa nimezaliwa nako. Zishusheni."
"Mgongo ninao, bibi," akasema Nyumbu. "Utapanda. Ila usinihimize."

Ndiyo maana nawaambia, mkijenga kitu cha wote, mwulizeni na yule asiyelalamika.

Ikaamuliwa nyaya zishushwe zote. Waliozishusha ni Kima wale wale waliozitundika, wakiteremka kwa shingo ya Twiga, naye ameisimamisha wima.

Hadithi imefika kituoni. Shukeni taratibu, na aliyesinzia aamshwe.