Mto Hulindwa na Waliolowa

Mto hulindwa na waliolowa. Mmeisikia methali hii leo kwenye mkutano, mkatazamana, na mmoja wenu akauliza kama aliyelowa si afadhali aende zake nyumbani akabadili nguo. Swali zuri. Basi wekeni hizo simu mfukoni, maana methali hii haikudondoka kutoka mbinguni. Ilitoka kwa mwenyekiti mmoja aliyekwama majini bila suruali, na ilikuwa hivi.

Huko milimani Upare ulikuwapo mto uitwao Kivumo, na mwenyekiti wa kikundi cha kuutunza alikuwa Mzee Elieskia. Watu walimwona mkali, lakini ukali wake ulizaliwa na hofu. Alipokuwa mtoto mto huo uliwahi kukauka, akamwona mama yake akikwangua mchanga kwa kibuyu tangu asubuhi hadi jua la utosi, kisha akarudi na maji ya kunawa uso tu. Hilo hakulisahau. Kwa hiyo watu walipolima hadi ukingoni na mto ukaanza kukonda tena, ni yeye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwaomba waamke. Wakaamka kweli. Walihamisha mashamba, wakapanda mikuyu kingoni, wakazoa takataka. Kila siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, baragumu lilipolia watu walishuka na majembe wakiimba, na kazi ikiisha walijitosa majini wote, wazee kwa watoto. Baada ya miaka kadhaa Kivumo ulijaa, tena maji maangavu, hata uliweza kuwaona kaa wakigombana chini.

Hapo ndipo Mzee Elieskia alipoharibu. Alianza kuupenda mto ule kama watu wanavyozipenda sahani za wageni, zile zinazofungiwa kabatini mpaka wenye nyumba wanasahau kuwa ni za kulia chakula. Alipiga marufuku kufua kwa sabuni mtoni, na hapo alikuwa na haki. Lakini akaendelea. Akakataza kuogelea, kwa kuwa watoto wanavuruga matope. Akakataza wazee kuloweka miguu, eti jasho lao linawakera samaki. Siku moja alimkamata bata wa Bibi Nakijwa akiogelea bila kibali, akampeleka kwenye kikao. Kamati ilikaa, ikamjadili yule bata, ikampa onyo kali. Bata alisikiliza vizuri sana, na alipoachiwa akarudi mtoni moja kwa moja. Mwishowe mwenyekiti alisimika bango kubwa: MARUFUKU KUKANYAGA MAJI. Akavaa filimbi shingoni, akawa anapita kingoni asubuhi na jioni, na mtoto akionyesha tu kidole gumba cha mguu, prii!

Mkewe, Namsifu, alimwambia mapema. "Baba Nietiwe, mgeni asiyekaribishwa hasaidii kuosha vyombo."

"Mimi sitaki wageni," alijibu mumewe. "Nataka maji."

Akayapata maji, akawapoteza watu. Msaragambo uliofuata walikuja wachache, wa baada yake wakaja watatu, mmoja wao akiwa amepotea njia. Mzee Elieskia aliumia sana moyoni, lakini hakujiuliza sababu. Alisema kizazi hiki ni kivivu.

Masika yakaingia. Usiku mmoja mvua ilinyesha ya kumwaga kwa ndoo, na asubuhi Mzee Elieskia akaenda kukagua. Kwenye kona iliyo juu ya kijiji, karibu na lile bango, mti mkubwa ulikuwa umeanguka na udongo wa mlimani, ukaziba mto kama kizibo. Maji yalikuwa yakipanda na kuanza kumwagikia upande wa pili, kwenye bonde lisilo na mtu. Alijua vizuri kwamba maji yakishazoea njia mpya hayarudi kwa kubembelezwa. Kama kizibo kile kisingeondolewa siku hiyo hiyo, Kivumo ungekuwa mto wa nyani.

Alikimbia akapuliza baragumu mpaka mashavu yakauma. Kijijini watu walisikia, wakaendelea kumenya ndizi. "Wenye mto wanaitwa," walisema.

Basi akaenda peke yake. Alivua suruali yake ya uenyekiti ili isichafuke, akaitundika kwenye tawi la mti ule ulioanguka, akaingia na panga. Alikata, akavuta, akasukuma. Kitu pekee kilichosogea ni lile tawi. Lilikatika, likapinduka, na suruali ikaondoka nalo ikielekea kwa nyani. Alipojaribu kuifuata, matope yalimshika magotini akabaki hapo hapo, shati likielea kumzunguka.

"Jamani!" alipiga kelele. "Nisaidieni!"

Mtoto mmoja aliyekuwa akipita kwenda shule alichungulia, akaona. Aligeuka akarudi kijijini mbio. Na habari kwamba mwenyekiti yuko mtoni bila suruali ilitenda kile ambacho baragumu lilishindwa. Kijiji kizima kilishuka. Mama aliyekuwa anasukwa alikuja nusu kichwa. Walipofika kwenye bango, wote wakasimama, wakapanga mstari, vidole vyao vya miguu nyuma kidogo ya maji.

Bibi Nakijwa ndiye aliyekuwa mbele. "Shikamoo, Mwenyekiti," alisema, ingawa yeye ndiye mkubwa. "Naona umekanyaga maji."

"Niko kazini, Bibi!"

"Hata bata wangu alikuwa kazini."

Watu walicheka, lakini Mzee Elieskia hakucheka. Aliyatazama maji yakizidi kumwagikia upande wa pili. "Ndugu zangu, mto unaondoka. Tazameni wenyewe. Ingieni, nawasihi."

Wakatazama, na kicheko kikapungua. Kijana mmoja aitwaye Mbonea aliinua mkono, kama ilivyoamriwa kwenye vikao. "Mwenyekiti, sheria inatukataza. Tukiingia leo kufanya kazi, kesho tutaruhusiwa kuingia kuogelea?"

"Mtaruhusiwa!"

"Na miguu yangu?" aliuliza mzee mmoja kutoka nyuma. "Ina jasho lile lile."

"Iloweke, mzee wangu, iloweke mpaka ichoke!"

"Na kufua?" akauliza Bibi Nakijwa.

Hapo Mzee Elieskia, pamoja na taabu yake yote, alikaza shingo. "Hapana. Sabuni majini, hapana. Chota maji, ufulie kule juu kwenye nyasi. Hata mkiniacha hapa nikaota mizizi, hilo siwezi kuliruhusu."

"Hapo umesema neno la mtu mzima," alisema Bibi Nakijwa, akakunja kanga yake na kuingia majini wa kwanza.

Wakaingia wote. Namsifu alimfikia mumewe akamrushia kanga ajistiri, na kanga hiyo iliandikwa ULIYATAKA MWENYEWE. Alipokwisha kuifunga kiunoni, ndipo vijana wakamchomoa kwenye matope, na yeye akasimamia kazi siku nzima akiwa na maandishi hayo nyuma. Walikata matawi, wakafunga kamba, wakaimba, wakavuta. Jua likiwa limeanza kuinama, gogo lilitoa mlio, likazunguka, na Kivumo ukashuka kwa kishindo kwenye njia yake ya zamani. Mzee Elieskia alilia mbele ya watu, wala hakujificha.

Kisha, mazoea yana taabu, akatoa wazo. "Tuchague walinzi wapya wa mto. Nani anajitolea?"

"Unachagua nini tena?" Bibi Nakijwa alimkatiza, huku akikamua pindo la nguo yake. "Tazama waliolowa. Walinzi wako ni hao."

Bango likang'olewa, likawa daraja la kuku. Na haikuchukua muda kabla maneno ya bibi yule hayajathibitika. Watoto waliokuwa wakiogelea walihisi maji yanateleza na kunuka mafuta. Wangekuwa wamefungiwa nje, nani angejua? Walipiga kelele, watu wakapanda mto mbio, wakamkuta bwana mmoja akiosha pikipiki yake katikati ya maji. Hakuguswa hata kidogo. Alizungukwa tu na watu wenye hasira, wanaotiririka maji, wakamsindikiza na pikipiki yake hadi mbali na ukingo, naye hakurudia.

Sifa za Kivumo zikaenea. Wanawake wa kijiji cha mbali, ambao mto wao ulikuwa mahututi, walikuja kujifunza. Walitafuta uzio hawakuuona. Walitafuta bango hawakuliona. Walimwona mzee analoweka miguu, bata anapiga mbizi, watoto wanarushiana maji, na Mzee Elieskia mwenyewe amekaa kwenye kina kifupi, maji yakimfika kifuani, filimbi hana.

"Baba, walinzi wako wako wapi?" waliuliza. "Hapa tunaona watu wanaoga tu."

Mzee Elieskia aliwasogelea, akawanyooshea mkono wa kuwakaribisha.

"Vueni viatu, mama zangu," alisema. "Mto hulindwa na waliolowa."