Kwa Nini Jaji Hutazama Nyuma Kabla ya Kuamua

Zamani hizo mahakama haikuwa na kuta wala vitabu, na kila shauri liliamuliwa kana kwamba halijawahi kutokea duniani. Mwamuzi wa milima yetu alikuwa Mzee Kasyupa, mtu mwenye akili nyingi na tumbo lenye matata. Akiamka vizuri, hukumu ilikuwa tamu. Akiamka na kiungulia, ole wako. Wenye kesi walipita kwanza jikoni kwa mkewe kuuliza mzee amekula nini. Mnacheka, lakini hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu.

Watu wa milimani walifuga nyuki. Msimu mmoja nyuki wa mtu walihama, wakaingia kwenye mzinga mtupu wa jirani yake, Mwakitalu. Mwenye nyuki akadai asali. Mzee Kasyupa akaamua, "Nyuki hana alama ya mtu. Asali ni ya mwenye mzinga walimoingia." Mwakitalu akarina asali yake, na baraza likaenda kula.

Msimu uliofuata, nyuki wa Ndimbwelu, shemeji yake mzee, walihamia kwenye mzinga wa mjane aitwaye Sekela. Sekela alikuwa anamwoza binti yake, na kwa desturi yetu harusi haikufungwa mpaka wakwe wanywe pombe ya asali kutoka nyumbani kwa binti. Asali nyingine hakuwa nayo. Siku hiyo mzee aliamka na kiungulia, akaamua kwamba asali apewe Ndimbwelu.

Sekela hakuinuka. "Baba, mwaka jana nilikuwa nimekaa hapa hapa. Mwakitalu ulimpa."

"Ya mwaka jana yalikwisha mwaka jana."

"Basi nionyeshe, baba, nyuki wangu na wa Mwakitalu wanatofautiana nini. Ukinionyesha, nitaondoka, na harusi ya mwanangu ivunjike."

Mzee akatafuta. Akasema mzinga wa Mwakitalu ulikuwa wa gogo, wa Sekela wa magome. Sekela akamuuliza kama magome humtia nyuki alama. Watu wakaguna. Mzee alitafuta mpaka jasho likamtoka, asione tofauti yoyote isipokuwa shemeji yake, na hilo hakuthubutu kulitamka. Aliona aibu, na mimi namheshimu kwa aibu ile. Akafuta hukumu yake, Sekela akapewa asali, binti akaolewa na kijana aitwaye Mwaijande. Kisha mzee akaagiza kila hukumu, pamoja na sababu yake, ikaririwe na wazee wa baraza isipotee.

Wajanja hawakukawia. Mbuzi wa jirani aliingia zizini kwa mmoja wao, naye akakataa kumtoa. Akajitetea kwamba baraza lilishasema mali ni ya mwenye mahali ilipoingia. Wazee wakamkumbusha ile sababu: nyuki hana alama, na mbuzi huyu sikio lake limekatwa alama na mwenye mbuzi. Akamrudisha huku akizomewa.

Miaka ikapita. Mzee Kasyupa akafariki, na kiti chake akapewa Mwaijande, mkwe wa Sekela. Ukaja ukame mbaya, mizinga ikabaki mitupu. Sekela, sasa kikongwe, alibakiwa na mzinga mmoja tu wenye nyuki, na asali yake ndiyo iliyokuwa chakula chake. Nyuki hao wakahamia kwenye mzinga mtupu wa Ndimbwelu, yule yule aliyenyimwa asali zamani. Sekela akaja barazani.

Mwaijande akawaomba wazee wakariri hukumu zote za nyuki. Pombe ya harusi yake alikuwa bado anaikumbuka. Mwishowe akasema, "Mama, nimetafuta tofauti. Sikuiona."

"Na mimi nimeitafuta njia nzima nikija," Sekela akajibu. Akaokota kibuyu chake kitupu, akaenda nyumbani. Ilimuuma, na ilituuma sote, lakini hakuna aliyekwenda jikoni kuuliza mwamuzi alikula nini.

Na tangu siku hiyo, wakili akisimama mahakamani haanzi kwa kusema mteja wake ni mtu mwema. Husema jambo hili liliamuliwa hivi, kwa sababu hii, na mpinzani wake huhangaika kutafuta tofauti. Mahakama ya juu ikitaka kuiacha hukumu ya zamani, sharti ieleze kwa nini. Na jaji mwenye busara, kabla ya kumpa haki aliyesimama mbele yake, humfikiria pia yule ambaye bado hajafika.