Mawe ya Msingi ya Waheshimiwa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanasema, wanapika na kugombana kama sisi, palikuwa na mji uitwao Bondeni. Sogeeni karibu, wanangu. Na wewe mwenye muwa, tafuna taratibu nisikike.

Bondeni kulikuwa na kila kitu isipokuwa daraja. Mto Chekecha uliukata mji katikati, soko upande huu, mkunga upande ule. Kiangazi watu walikunja nguo wakavuka. Masika yakija, mto ulinguruma, nguu! nguu!, na mwenye shida ya ng'ambo alikaa na shida yake mpaka maji yapungue.

Aliyepewa kazi ya kujenga daraja alikuwa Mheshimiwa Nyati, mwenyekiti wa kamati ya barabara na vivuko ya halmashauri. Nyati hakuwa mbaya. Alikuwa na kifua kipana, pembe nzito na udhaifu mmoja: alipenda mno kusikia jina lake likitajwa mbele ya watu. Akiitwa "Mheshimiwa Nyati", masikio yake yalisimama yenyewe. Alijijua hivyo, na mara nyingine alijicheka. Kisha mtu akilitaja tena, masikio, wima!

Kila baada ya mavuno wananchi walipeleka mtama kwenye ghala la halmashauri. Mtama huo ndio ungewalipa mafundi wa daraja. Lakini kwanza kamati ilibidi ikae ijadili, na kikao, wanangu, hakikaliki na njaa. Mtama ukapikwa. Kikao kingine, ukapikwa tena. Mweka hazina alikuwa Kiboko, na tumbo la Kiboko mnalijua.

Wananchi walipouliza, Nyati alipanda jukwaani, akakohoa, akasema: "Ndugu wananchi, mradi wetu unaendelea vizuri sana. Tuko katika hatua za mwisho za kujiandaa kwa hatua ya kwanza."

Wakapiga makofi, pa pa pa! Nyati akarudi nyumbani akijiuliza alikuwa amesema nini hasa.

Mkewe, Bi Sikujua, alikuwa amekaa barazani akichambua mboga, miguu ameinyoosha.

"Umewaambia nini leo?" akauliza.

"Kwamba mradi unaendelea."

Bi Sikujua akashika tumbo lake. "Huu nao unaendelea, mume wangu. Tena huu hausubiri kikao."

Nyati akacheka. Mkewe hakucheka.

"Mke wa Kongoni alijifungua masika yaliyopita," akasema. "Mkunga, Bi Nungunungu, alikuwa ng'ambo, anasikia kilio, hana pa kupita. Yule mtoto walimzika. Mimi sitaki hotuba. Nataka Bi Nungunungu afike hapa siku yangu ikifika."

"Nakuahidi. Kabla ya mvua."

"Ahadi ya mume wangu hiyo, au ya Mheshimiwa?"

Nyati akachukua fungu la mboga, akaanza kuchambua naye.

Kesho yake akaingia kikaoni amekunja uso. Wajumbe walikuwa wawili tu: Kiboko, na Kifaru, mhandisi wa mji, ambaye macho yake hayakuona mbali kuliko pembe yake.

"Ghalani kumebaki nini?" Nyati akauliza.

"Kumebaki cha karamu moja," akajibu Kiboko.

"Karamu ya nini?"

"Ya kumaliza kilichobaki."

"Basi tusiwalipe mafundi, tujenge wenyewe!" Nyati akagonga meza kwa kwato, ko! "Sisi watatu tuna nguvu kuliko mji mzima. Tubebe mawe!"

Kiboko aliacha hata kutafuna.

"Mheshimiwa abebe mawe?" Kifaru akasema. "Mbele ya wapiga kura?"

"Mimi mto nauogelea," Kiboko akasema. "Daraja la nini?"

Nyati akafungua kinywa aseme habari za mkewe. Kifaru akamwahi: "Watakuita kibarua, Nyati. Utasikia njiani: Kibarua Nyati, shikamoo!"

Masikio ya Nyati yakalala kama majani yaliyonyauka. Akafunga kinywa. Sahani ya mtama ikaletwa mbele yake, naye, mwenye mke mjamzito na mto usio na daraja, akala. Tena aliongeza. Alipokumbuka baadaye alitamani ajipige kofi, ila kwato hazina kiganja.

Sasa, dirishani alikuwa ameketi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo, hana mkia, kazi yake kuota jua majabalini. Huyu alikuwa mshereheshaji wa halmashauri. Kwenye sherehe aliwatangaza waheshimiwa, na malipo yake yalikuwa makombo. Tangu Kiboko awe mweka hazina, makombo nayo yalikuwa hayaonekani. Isitoshe, mama yake Pimbi aliishi ng'ambo, na masika yote mtu na mama yake walipungiana mikono tu.

Nyati alipotoka, Pimbi akamfuata mbio, piti piti piti.

"Mheshimiwa Nyati!"

Masikio, wima.

"Mheshimiwa, daraja huanza na jiwe la msingi. Jiwe kubwa lenye jina lako! Mimi nitalichonga kwa meno yangu haya."

Nyati akasita. "Lakini hiyo si ndiyo kubeba mawe?"

"Astaghafirullah!" Pimbi akajishika kichwa. "Kibarua ndiye abebaye jiwe. Mheshimiwa *huweka jiwe la msingi*. Ni vitu viwili tofauti kabisa."

Nyati aliona kuna kitu hakijakaa sawa, lakini hakutaka kukitafuta.

Akapanda mlimani, akachagua jabali, akalisukuma kwa pembe mpaka mtoni, huku jasho linamtiririka. Watu wakajaa. Pimbi akachonga, kra kra kra, kisha akapaza sauti: "Mabibi na mabwana! Mtu wa vitendo! Mheshimiwaaaa Nyati!"

"Niliweke hapa ukingoni?" Nyati akanong'ona.

"Hapo watalisoma wa upande huu tu. Liingize majini kidogo, na wa ng'ambo wakujue."

Tubwi! Jiwe likakaa majini, kichwa chake nje, jina linang'aa. Vigelegele. Nyati alirudi nyumbani akitembea kwa madaha.

"Daraja?" akauliza Bi Sikujua.

"Jiwe."

"Moja?"

"La msingi."

"Sawa. Nitajifungulia juu yake."

Asubuhi Nyati akaenda kulitazama jiwe lake, si kulikagua, kulitazama tu. Akamkuta Kiboko anahema, anasukuma jiwe kubwa kuliko lile.

"Kiboko! Si ulisema kubeba mawe ni aibu?"

"Nani anabeba? Naweka jiwe la msingi. Pimbi kaniambia watu wanauliza mweka hazina kafanya nini. Pisha! Langu linakaa mbele ya lako."

Tubwi!

Nyati akahisi joto shingoni. Kabla ya adhuhuri Kifaru naye akatokea na jiwe lake, anauliza, "Pimbi, nipo mbele ya Kiboko? Mbele kabisa?"

"Mbele kabisa, Mhandisi! Nyuma yako wote!"

Tubwi!

Pimbi akamsogelea Nyati, akasema kwa huruma kubwa: "Pole, Mheshimiwa. Watu wana maneno. Eti mwenyekiti gani huyu, yuko nyuma ya wajumbe wake?"

Hakuhitaji kusema zaidi. Nyati alishaanza kupanda mlima.

Tangu siku hiyo kamati haikukaa tena. Nani alikuwa na nafasi? Alfajiri Kiboko mlimani, mchana Kifaru, jioni Nyati, na kila mmoja akimtangulia mwenzake kwa jiwe moja. Tubwi! Tubwi! Mgongo wa Nyati uliuma hata hakuweza kuinama kunywa chai. Mkewe alimkanda kwa maji ya moto huku akitikisa kichwa.

"Mnajenga nini kule?" akauliza.

"Hatujengi, mke wangu. Tunaweka mawe ya msingi."

Kisha mvua ikanyesha. Ilinyesha kama iliyoagizwa. Mto ukageuka rangi ya udongo, ukaanza kunguruma, nguu! nguu! Na katikati ya asubuhi Bi Sikujua akashika nguzo ya mlango.

"Nenda," akasema. "Sasa hivi. Nenda!"

Nyati alikimbia matope yakimrukia mpaka puani. Alipofika ukingoni akasimama ghafla. Maji! Mwenyekiti wa barabara na vivuko, akawaza, amesimama penye mto usio na barabara wala kivuko. Kifua kipana cha nini? Mtama wote ule niliokula wa nini? Yeye mwenyewe angeweza kuogelea, lakini Bi Nungunungu angesombwa kama jani. Akamfikiria mke wa Kongoni, machozi yakamtoka.

"Bi Nungunungu weee!"

Ng'ambo, mkunga akatokea na furushi lake kichwani.

"Mke wangu ameshikwa na uchungu!" Nyati akalia. "Na maji yamejaa! Sina njia ya kukuvusha!"

"Una nini, Nyati?" mkunga akaita. "Njia si hiyo mbele yako?"

Nyati akapangusa macho, akatazama. Siku zote hizo alikuwa akitazama jiwe la nani liko mbele. Hakuwahi kutazama yote pamoja. Jiwe lake. Mbele yake la Kiboko. Mbele yake la Kifaru. Kisha lake, la Kiboko, la Kifaru, moja mbele ya jingine, vichwa nje ya maji, safu iliyonyooka kutoka ukingo huu karibu mpaka ukingo ule.

Karibu. Mwishoni palibaki pengo, upana wa jiwe moja, na maji yalipita hapo kwa hasira.

Nyati hakuwaza. Akaruka kutoka jina hadi jina, akafika mwisho, akajitosa pengoni, akakaza miguu. Maji yakampanda mpaka kidevuni.

"Pita mgongoni!"

"Mheshimiwa, mimi nina miiba!"

"Na mimi nina cheo, lakini hapa hakinisaidii kitu! Pita!"

Mkunga akapanda. "Aii! Aii! Uuuwi, mama!" Nyati akalia, lakini hakutikisika. Bi Nungunungu akaruka kwenye jiwe la kwanza, la pili, akiomba radhi kila akikanyaga: "Samahani, Kifaru. Samahani, Kiboko. Samahani, Nyati. Samahani, Kifaru... Nyati tena? Kwani wewe una mangapi?"

Ukingoni Pimbi alikuwa anacheka mpaka anagaagaa.

"Pimbi!" Nyati akanguruma kutoka majini. "Ulitudanganya!"

"Niliwadanganya wapi, Mheshimiwa? Nilisema mawe ya msingi. Msingi si huo?"

Nyati akatazama majina yao yaliyopakwa matope ya miguu ya mkunga, akajiona: mheshimiwa mzima, amejaa miiba, amesimama mtoni badala ya jiwe. Kicheko kikamtoka, maji yakamwingia puani, akapaliwa, akacheka tena.

Adhuhuri Bi Sikujua alijifungua ndama wa kike, mzima, mwenye sauti. Bi Nungunungu alipomaliza kwa mama, akahamia kwa baba, kung'oa miiba. Majirani wanasema aliyepiga kelele zaidi ni baba.

Mvua ilipopumzika, mji mzima ukamiminika mtoni. Pimbi alimfuata mama yake. Nguchiro wawili wakalaza gogo pengoni ili apite. Akina mama wakavuka na vikapu vyao. Ndipo Kiboko akatokea, macho yamemtoka.

"Wanalikanyaga jina langu!" akafoka. "Mawe yang'olewe yote! Kifaru, anza na lako!"

"Anza wewe," Kifaru akasema. "Nikitoa langu, lako si ndilo litabaki mbele?"

Wananchi wakamgeukia Nyati. "Mheshimiwa, tupe taarifa ya mradi! Na mtama wetu uko wapi?"

Nyati akapanda juu ya jiwe, polepole, kwa sababu ya mgongo. Akakohoa.

"Ndugu wananchi, mtama wenu upo," akasema, akapapasa tumbo lake. "Tumeuhifadhi humu, na kwa mwenzangu Kiboko. Njia hii hatukuijenga kwa akili wala kwa huruma. Tuliijenga kwa kujisifu. Mavuno yajayo pelekeni mtama kwa mtu mwingine, nami mnitume mlimani. Kusukuma jiwe naweza, nimeona. Kazi haijaisha. Limebaki pengo moja pale mwisho."

Kisha, kwa sauti ya mtu asiye na haja na jibu, akaongeza: "Na mwenye kuweka jiwe pale, mbele yake hatakuwepo mtu tena. Sijui atakuwa nani."

Pimbi akamtazama Nyati kwa heshima mpya.

Kisha wote wawili wakageuza shingo. Matope yalikuwa yanaruka njia nzima ya mlimani, puu puu puu: Kiboko na Kifaru, bega kwa bega, wanakimbilia jiwe kubwa kuliko yote.

Hadithi imevuka salama, wanangu, na fundisho lake ni hili: mkubwa akikataa kufanya kazi kwa ajili yenu, mwombeni aifanye kwa ajili ya jina lake.