Sarafu Isiyoguswa

Palikuwa na bwana mmoja mstaafu, mpenda sarafu. Msicheke, wapo wanaopenda mabaya zaidi. Mgeni akiingia kwake, hata chai hajapewa, anaonyeshwa shilingi mbili.

"Hii ni ya sokoni," atasema bwana. "Ona ilivyofifia. Sasa hii ilipigwa chapa itazamwe tu. Picha nyeupe kama imenyunyiziwa unga, na uwanja wake, pale pasipo picha, ni kioo, unaweza kunyolea ndevu. Kidole kimoja kikiigusa, alama haitoki tena."

Mwenyewe aliishika ukingoni, amevaa glavu kama daktari anayetaka kuipasua. Mkewe alikuwa akimtania: "Baba watoto, hata mimi siku ya harusi hukunishika kwa adabu hiyo."

Kuna siku mama yule aliomba aishike kidogo. Bwana akamwambia mikono yake ina mafuta, aitazame kwa macho. "Haya," akaitikia, akarudi jikoni kugeuza maandazi.

Kisha mama akaugua, akafa.

Siku ya kuanua matanga, mawifi wakagawana nguo zake kama ilivyo desturi, mpaka ndala. Bwana alitamani kuomba khanga moja, akaona haya. Mwanamume aombe khanga? Watu walipoondoka, nyumba ilikuwa imefagiwa, imepigwa deki, hata kikombe chake kimeoshwa. Hapakuwa na pa kumkuta mkewe.

Ndipo akaikumbuka sarafu. Mkewe ndiye aliyekuwa akifuta vumbi kabatini ilimokaa, peke yake. Hivi kweli hakujaribiwa? Bwana akafungua kikasha bila glavu, akaipeleka dirishani, akaiinamisha huku na huku, akiomba: Mungu wangu, awe alinikaidi. Hata ncha ya kidole, na mafuta yake yote ya maandazi.

Ilikuwa safi. Ndani ya kioo kile palikuwa na mzee mmoja tu, analia.

Mbona mmenyamaza, ndugu zangu? Si mlikuwa mnacheka? Sisi nasi tuna makabati yetu. Tuna makochi yenye nailoni watoto wasikalie, na vikombe vya wageni ambao hawaji. Ile shilingi ya sokoni imefifia kwa nini, kama si kwa kushikwa? Lakini sisi tumewafundisha watu wetu wasiguse, nao, kwa kutupenda, wakatutii.

Leo ukifika nyumbani, kifungue hicho kikasha chako. Mwite mwenye mikono ya mafuta, angali anaitika.