Lumbesa na Mtamba wa Mzee Mwaipaja

Hapo zamani, si ile ya fisi kuongea, ni hii ya mbegu za dukani, Mzee Mwaipaja aliiahidi familia yake: "Atakayeniongezea magunia ya mahindi, yule mtamba wangu wa ng'ombe ni wake."

Sekela, mkwewe, alisikia vizuri. Tangu aolewe hakuwa na hata kuku wa kumwita wake. Akachimba makinga maji shamba zima, akabeba samadi kichwani mpaka shingo ikakakamaa. Gwamaka, shemeji yake, akaenda mjini akaleta mbegu mpya. Subilaga, wifi yake, hakugusa jembe. Alingoja mavuno, akashika sindano ya kushonea magunia, akasema: "Mwaka huu hakuna lumbesa. Gunia likifika mdomoni, linashonwa."

Mwaka jana yalikuwa magunia ishirini, yote yamevishwa kilemba cha mahindi juu. Mwaka huu yakawa thelathini. Mzee akacheka peke yake.

"Mbegu hiyo, baba," akasema Gwamaka.

"Mbegu yako ingeota wapi, shemeji, vumbini? Mvua ilikatika mapema. Makinga yangu ndiyo yaliyoshika maji."

"Na bila mbegu ya kukomaa upesi, makinga yako yangezaa nini? Vyura?"

"Mnanichosha," akasema Subilaga. "Lumbesa ni gunia na nusu. Ishirini ya mwaka jana ndiyo thelathini ya leo. Mahindi hayakuongezeka hata debe. Yaliyoongezeka ni magunia, na hayo nimeyaongeza mimi. Ile nusu tulikuwa tunamzawadia mchuuzi, maana analipa kwa gunia."

Mzee akaacha kucheka.

"Majirani wamevuna nusu ya mwaka jana," akasema Sekela. "Sisi tumebaki palepale. Kwenye ukame, baba mkwe, kubaki palepale si kuongeza?"

"Nitoe mtamba kwa mahindi ambayo hayakupungua?"

"Basi nipe mimi," akasema Subilaga. "Ulisema magunia."

"Nilimaanisha mahindi."

"Ungesema mahindi."

Sasa mtamba yuko pale, anakula majani, na watu wazima wanne wanatazamana. Msiniambie wagawane; mtamba akigawanywa ni nyama. Wala msiniambie mvua ndiyo iamue, maana mvua haifugi. Je, nani alistahili kuondoka na kamba ya mtamba: aliyeshika maji, aliyeleta mbegu, au aliyeshona gunia bila kilemba?