Jina la Mdogo Wake Mishi

Sogeeni, na wenye usingizi wakae mbele, maana hadithi hii ina swali na sitaki mtu asingizie kuwa hakusikia.

Palikuwa na hospitali, na ndani yake wanawake watatu waliotunza seva, ile kompyuta kubwa inayohifadhi mambo yote ya wagonjwa. Hidaya hakuwa mtu wa kuficha jambo, hata la kumwaibisha. Zamoyoni hakuwa mtu wa kutupa kitu. Wenzake walimwita Bi Stoo. Rukia hakuwa mtu wa kukurupuka: mashine ikimuuliza swali, alilisoma mpaka nukta ndipo akajibu.

Jumamosi moja asubuhi Shebe, seremala, aliingia mbio na binti yake Mishi mikononi. Mtoto alikuwa amemeza kitu, na mate yalimtoka tu. Nyumbani Shebe alimwacha mkewe na kichanga ambacho hakijapewa jina.

Picha ya eksirei ikapigwa, ikaenda kwenye seva. Daktari akatazama kompyuta yake, picha haifunguki. "Kama ni sarafu, tuna nafasi," alisema. "Kama ni betri ya saa, inamuunguza koo sasa hivi. Kimbia chumba cha seva, waambie nataka picha."

Shebe alifika akihema, akasema alichotumwa. Hidaya hakungoja kuulizwa.

"Ni mimi," alisema. Kila Ijumaa walifagia seva, wakiondoa pakiti, yaani vifurushi vya programu, zisizotumika, na jana zamu ilikuwa yake. "Nimefuta maktaba ya picha. Niliona haina mwenyewe." Shebe hakuelewa, Hidaya akamweleza: maktaba ya kompyuta ni kama msumeno wa jirani, programu haina wake, huazima, ukiuondoa, kazi inalala. Asingesema, wangeshinda wakitafuta.

Mtandao wa intaneti ulikuwa umekatika tangu alfajiri, pa kupakulia pakiti nyingine hapakuwapo. Zamoyoni akavuta droo, akatoa flashi iliyojaa pakiti kuukuu ambazo wenzake walimsihi azitupe. Toleo lilelile la maktaba iliyofutwa lilikuwamo. Asingelitunza, wangekaa kuungoja mtandao.

Rukia akavuta kibodi, akaandika amri ya kusakinisha. Mashine ikamjibu kwamba ili iiweke pakiti ile, itaondoa programu nzima ya picha. Ndiyo au hapana?

"Sema ndiyo, dada yangu," Shebe alimsihi.

"Subiri kidogo, kaka."

Akajibu hapana. Akaandika amri nyingine, ya kuiweka pakiti ile peke yake bila kugusa nyingine, kisha akaifunga ili fagio la Ijumaa lisiipate tena. Angekubali, picha zisingekuwa na pa kufungukia.

Picha ikafunguka. Ilikuwa betri. Daktari akaitoa, na alasiri ile Mishi akamwita baba yake kwa sauti ya kukwaruza. Shebe akalia mbele za watu, wala hakuona haya.

Akarudi kwa wale watatu. "Sina cha kuwapa kinacholingana na hiki," alisema. "Lakini nina binti mchanga, na kesho ni akika yake. Nataka aitwe jina la aliyeniokolea dada yake."

"Mpe la Rukia," Hidaya alisema. "Mimi ndiye niliyeharibu."

"Na usingesema, ningejua niweke nini?" Rukia alimjibu.

Zamoyoni akacheka. "Mimi msinihesabu. Bi Stoo si jina la mtoto."

Nyumbani, mkewe alisikiliza yote huku akinyonyesha. "Umpe mwanangu jina la mtu aliyefuta? Una akili, baba Mishi?" Akamfuta mtoto mdomo. "Ila alisema mwenyewe," aliongeza. "Wangapi wangesema?"

Basi wageni wamejaa, ubani umewashwa, na Mishi amekaa mapajani mwa bibi yake akinywa uji uliopoa. Wale watatu wamealikwa, wamekaa jamvi moja. Shehe ameinama apewe jina, na Shebe, moyo umemjaa shukrani, amefungua mdomo.

Je, ungekuwa wewe, ungelitaja la nani?